Machine ya Noko Vagheni Haioni Clé

Beni, tarehe 15 Januari 2024

Kwako Noko Vagheni, Butembo,

Barua hii ikukute umeketi, wala si umeinama juu ya meza yako ya vis na nyaya. Mama, dada yako, anakusalimia. Goti lake limetulia tangu alipoacha kwenda shamba la Mutwanga kwa pikipiki, ila anasema kakao imekomaa na hawezi kukaa nyumbani akiangalia ukuta. Msalimie Tantine Rébecca. Viazi alivyotuma tumevila siku nne na majirani wamevisifu.

Machine imefika! Nilitaka kuanza na neno hilo, lakini ulinilea kusalimia kwanza. Chauffeur wa pickup aliifunika blanketi mbili na kuifunga katikati ya magunia, na hakuna hata alama moja ya kugongwa. Préfet Abdias, mkuu wetu wa shule, aliita walimu wote waje kuiona. Walipiga makofi, Noko. Tangu Institut yetu ianze haijawahi kuwa na machine mpya, kompyuta ambayo hakuna kipande chake kilichotolewa ndani ya nyingine iliyokufa. Tumeipokea kwa utaratibu wote: imeandikwa ndani ya kitabu, imepewa namba, imewekwa juu ya meza yangu karibu na dirisha. Ile taa yake ya bluu inaonekana mpaka uwanjani.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Tuna finalistes sitini na watatu wa darasa la mwisho. Ofisi ya elimu inataka majina yao na picha zao ndani ya clé, kile kijiti cha USB cha kubebea kazi, mbele ya tarehe 12 Aprili. Mwanafunzi asiyekuwa ndani ya clé hataingia mtihani, na mwaka wake umekwenda. Machine ya zamani ilikufa Desemba. Kazi yote iko mikononi mwangu, mimi niliyeanza usecrétaire Oktoba tu.

Na machine haioni clé. Nilichomeka ya shule kwenye matundu ya mbele: kimya. Nilichomeka ya Préfet: kimya. Nilichomeka imprimante ya kuchapia, maneno madogo yakatokea chini ya écran kusema kifaa hakitambuliki. Appareil photo: kimya. Clavier uliyonipa, ile ya kichwa cha mviringo, inaandika vizuri. Souris, kile kipanya cha mkononi, inatembea nikiichomeka nyuma.

Préfet aliniuliza: «Bénite, inatembea?» Nikajibu: «Inatembea, Préfet.» Nilisema hivyo kwa sababu taa ilikuwa inawaka.

Nifanye nini?

Mwipwa wako,
Bénite


Butembo, 22 Januari 2024

Mwipwa wangu Bénite,

Unaandika Kiswahili ya Biblia mpaka Tantine yako alisimama akiisoma, alifikiri ni mahubiri. Siye tuko bazima. Baridi ya huku iko naumaka asubui, lakini maharage iko nyumbani na kuni iko. Mwambie dada yangu aache magoti yake ipumuzike, kakao haina miguu, haitakimbia.

Ulifanya muzuri kuandika. Miaka kumi na mbili nilifanya kazi pembeni ya moulin ya kusaga kahawa, njo ilikula masikio yangu. Ku simu ninasikia tu «wu, wu, wu». Lakini upepo ya ventilateur ya machine ninaisikia na vidole. Donc andika, na uandike sawa docteur anaandikaka fiche ya mugonjwa: ulifanya nini, machine ilijibu nini, bila kuruka.

Sasa, kwanza usilie. Machine mupya iko sawa mutoto aliyezaliwa leo, macho iko wazi lakini haijue mutu. Yale matundu ya mbele inafika ku carte mère, ule ubao mukubwa wa ndani, na kamba moja ndogo, inaingia ku vimusumari vya chini kabisa. Pengine njiani ilitikisika. Yaache. Chomeka nyuma, kule tundu inatoka ndani ya carte yenyewe, haipitie kamba. Nyuma utaona ya bluu na ya weusi. Ya bluu inaomba pilote, ile programu ya kuitambulisha, na Windows niliyoweka ni ya zamani kuliko carte, haiyajue. Na hizo pilotes niliziweka wapi? Ndani ya clé! Cheka kwanza. Nilifungia ufunguo ndani ya nyumba.

Njo maana ninatuma hii CD. Tia, ngoja mpaka mwisho, zima, washa. Kisha chomeka clé ku tundu ya weusi, nyuma.

Bénite, hii ni machine yangu ya kwanza ya vipande vipya vyote. Batu bane ba hapa balishaniomba za kwao juu balisikia Institut ya Beni ilichukua. Kila vis nilifunga na hii mikono. Itaona tu.

Noko yako,
Vagheni


Beni, tarehe 5 Februari 2024

Noko mpendwa,

Mama amerudi katika kwaya ya wamama na goti limekubali. Jirani yetu amejifungua mapacha, nyumba yote ya jirani hailali na sisi hatulali. Tunakuombea.

Sasa soma polepole, maana mimi naandika haraka. IMEONA CLÉ!

Nakuandikia kama fiche. Alhamisi, baada ya somo la mwisho, nilitia CD. Ilizunguka dakika ishirini, na mimi nilizunguka meza. Nilizima, nikawasha. Nikaingiza mkono nyuma, nikatafuta tundu jeusi kwa vidole, nikachomeka clé ya shule. Ikatoa sauti, ile sauti ndogo ya mtu anayebisha hodi mara mbili. Nikapiga kelele. Mwalimu wa hesabu aliingia mbio na fimbo.

«Nyoka iko wapi?»

«Si nyoka, Mwalimu. Ni clé!»

Alinitazama kama ninayeweweseka kwa homa, akatoka na fimbo yake.

Kwa dakika nne clé ilikuwa wazi mbele yangu. Niliona picha zote sitini na tatu, zile tulizozitia humo kabla machine ya zamani haijafa, zimepangwa mstari. Nilihamisha kumi na moja ndani ya machine, kila moja na jina lake. Kiisha, kwa furaha, nikachomeka imprimante pia.

Écran ikawa nyeusi. Maneno meupe ya Kiingereza yakatokea. Niliyanakili herufi kwa herufi, karatasi iko ndani ya enveloppe hii. Nimeyatafuta ndani ya dictionnaire, na yanasema kwamba kifaa cha USB kinakula umeme kupita kiasi, machine itajizima baada ya sekunde kumi na tano kusudi ijilinde. Nilihesabu. Nilipofika kumi na tano, ikazima. Niliwasha mara nne, mara nne yalikuja maneno yale yale. Mara ya tano iliwaka vizuri, lakini clé haionekani tena, wala mbele wala nyuma.

Hata hivyo nina furaha ambayo siwezi kuificha. Iliona, Noko! Dakika nne iliona. Basi si kipofu. Kuna kitu kinaiziba macho.

Wamebaki hamsini na wawili.

Bénite


Butembo, 16 Februari 2024

Mwipwa,

Siye bazima, salamu kwa dada yangu na kwa mapacha ya jirani. Tantine anasema uache kuzunguka meza, utachakaza viatu.

Sekunde kumi na tano! Niliruka pale nilikaa, chai ikamwangika. Unajua ile ni nini? Ile haiko ugonjwa, ile ni akili. Carte mère ikisikia umeme inapita pahali haipaswe kupita, inajizima yenyewe kusudi isiungue. Carte ya bei ya chini ingekufa, yetu iko najitetea. Ni carte ya muzuri, nilikuambia.

Donc kuna chuma inagusa chuma. Sasa hapa ninakuomba unisikie sana. Nyuma ya boîtier, ile sanduku ya chuma ya machine, kule tundu zinatokea, kuna kibati. Kile kibati kiko na ndimi ndogo. Fundi akiwa na haraka, ulimi moja inaingia ndani ya tundu ya USB badala ya kukaa inje. Mimi sikuwa na haraka, lakini angalia. Chukua torche, angalia tundu moja moja.

Kama ulimi haiko mule, fungua. Ngoa kwanza kamba ya umeme. Gusa chuma ya dirisha na mukono, kusudi umeme ya mwili wako ishuke. Zungusha vis mbili za nyuma mpaka zitoke, ule mulango wa kushoto utatoka wenyewe. Usiguse kitu. Angalia tu, uniandikie.

Tena nina ulizo moja. Kuna mutu alifungua ile boîtier, njiani ao ku bureau? Sihukumu mutu. Ninauliza juu fundi lazima aulize.

Noko yako


Beni, tarehe 4 Machi 2024

Noko mpendwa,

Barua yako ilikawia. Barabara ilifungwa siku tisa, na chauffeur alikaa nayo mfukoni mpaka enveloppe ikawa na umbo la paja lake. Tunamshukuru Mungu kwamba alipita. Mama anauliza kama Tantine amepata yale majani ya chai. Mapacha wamepewa majina jana, kulikuwa na kuku na nyimbo, mchungaji alichelewa, mvua ikatunyeshea sote. Dada yangu mdogo amepata nafasi ya tatu darasani. Paa la jikoni tumelifunga upya, sasa halivuji ila pembeni ya mlango.

Kuhusu machine. Niliangalia kwa torche. Ndimi zote ziko nje ya matundu, hakuna hata moja iliyoingia.

Hakuna mtu aliyefungua boîtier, wala njiani wala bureau.

Kuifungua mimi mwenyewe, bado. Nilishika tournevis nifungue vis, nikairudisha ndani ya kabati. Ile ni mali ya Institut na mimi ndiye niliyetia sahihi ya kuipokea.

Préfet alikuja Ijumaa. «Bénite, liste iko?» Nikasema: «Iko karibu, Préfet.» Nimeandika majina yote kwa mkono, kwa wino mweusi, kama machine itakataa kabisa. Nilipeleka mfano kwa ofisi. Walinirudishia bila kusoma. Karatasi hawataki, wanataka clé.

Kuna msichana mmoja kati ya finalistes aliyetoka Luofu na familia yake, bila kitu. Kila asubuhi anapita dirishani pangu. «Mademoiselle, jina langu iko ndani?» Juzi nilimjibu ndiyo. Huo haukuwa uongo, yeye ni mmoja wa wale kumi na mmoja. Lakini wenzake walikuwa wamesimama nyuma yake, na wao pia wakashangilia.

Bénite


Butembo, 13 Machi 2024

Mwipwa,

Salamu kwa bote.

Kama ndimi ziko inje, na hakuna mutu alifungua, basi ni mimi. Sijue ni wapi, lakini ni mimi. Rudisha machine na pickup ya juma inayokuja. Nitaomba mutu machine akuazime mpaka finalistes yako baishe. Haitakuwa nzuri, lakini itaona clé.

Unisamehe mbele ya Préfet wako.

Vagheni

*Bénite mwanangu, ni mimi Tantine Rébecca, ninaandika huku chini mbio, Noko yako ameenda kutafuta colle ya kufunga enveloppe. Amefunga atelier yake ya machine juma moja sasa. Zile machine ine za wale batu bane alizifungua zote, vis kwa vis, akitafuta kosa yake, na hakuona kosa. Alirudishia benyewe maneno: «Ngojeni kwanza, sijaamini mukono yangu.» Tangu pale iko na mimi mu kiwanja, ananisaidia kutoa maharage ku maganda. Anayatoa muzuri kabisa. Lakini haiko kazi yake.*


Beni, tarehe 18 Machi 2024

Noko,

Leo sisalimii kwanza. Nikianza na Mama na mapacha nitapata tena mahali pa kujificha.

Si wewe. Ni mimi.

Hapa Institut hakuna mali inayotumika mbele ya kupewa namba. Na namba si karatasi, ni kibati kilichopigiliwa kwa rivet. Secrétaire aliyenitangulia kazini alibandika karatasi juu ya imprimante, karatasi ikabanduka, imprimante ikapotea, naye akaondolewa kazi. Hadithi hiyo niliambiwa siku yangu ya kwanza na watu watatu mbalimbali. Kwa hiyo siku ile machine ilipofika, hata sijaichomeka kwa umeme, nilimwita Mzee Maliro, mlinzi wetu ambaye pia ni fundi wa madawati. Alikuja na chignole yake, ile kekee ya mkono ya kutobolea. Alitoboa mlango wa kushoto, matundu mawili, mlango ukiwa umefungwa mahali pake. Tukapigilia kibati.

Maliro alisema: «Hii binti ya Noko yako iko na ngozi laini, inatoboka sawa papai.» Tulicheka, Noko. Nilicheka na mimi.

Ulipoandika kwamba chuma inagusa chuma, nilijua saa ile ile. Lakini ulikuwa umeniuliza kama kuna mtu aliyefungua. Hukuuliza kama kuna mtu aliyetoboa. Nikajificha nyuma ya swali lako, nikakujazia ukurasa habari za kuku na mvua. Niliona: nikisema ukweli, nimeharibu mali ya Institut kwa mkono wangu mwenyewe, na nitaondoka kama yule mwingine. Sikufikiri kwamba ukimya wangu utakaa juu ya kichwa chako. Kiisha Tantine akaniandikia maneno matatu ya maharage, na sikuweza kula.

Sasa fiche.

Jumamosi saa mbili asubuhi, nilimwita Maliro aje awe shahidi. Niling'oa kamba ya umeme. Niligusa chuma ya dirisha. Nilitoa vis mbili, na mlango ukatoka wenyewe, kama ulivyosema. Noko, sikuwahi kuona ndani yake! Ni safi kama mji unaoonekana kutoka mlimani. Na chini kabisa, juu ya ule mji, kulikuwa na maganda ya chuma, yamejikunja kama maganda ya kalamu iliyochongwa. Mengi yalikuwa yamelala pembeni bila kugusa kitu. Lakini matatu yalikuwa yamekaa katikati ya vile vimisumari ulivyoniambia, vya kamba ya matundu ya mbele, na moja dogo kama unywele lilikuwa limeegemea nyuma, mahali tundu jeusi linapoungana na carte.

Sikupuliza. Nilizungusha papier collant kwenye njiti ya kiberiti, upande wa gundi nje, nikagusa moja moja. Maliro alishika torche kwa mikono miwili. Yalitoka kumi na saba. Niligeuza boîtier, nikaitikisa taratibu, nikaangalia tena mpaka macho yakatoa machozi.

Kiisha nikarudisha mlango. Nikawasha.

Clé, nyuma: hodi! Clé, mbele: hodi! Imprimante: ikanguruma na kuvuta karatasi yenyewe. Appareil photo: hodi! Vyote vinne kwa mara moja, Noko. Nilihesabu mpaka kumi na tano bila kupumua. Nikahesabu mpaka mia. Écran ikabaki nyeupe, nzuri, inanitazama. Maliro alivua kofia, akajipeleka mbele ya machine: «Ee! Inatambua bote sasa! Na mimi initambue!»

Tulichapa liste ya kwanza saa tano. Sitini na watatu. Niliibandika nje, na sitasimulia kelele zilizofuata kwa kuwa ulizisikia huko Butembo, hata kwa masikio yako.

Hukukosea kitu. Kila vis ilikuwa mahali pake. Nakuomba unisamehe, na nakuomba ufungue atelier.

Bénite


Butembo, 25 Machi 2024

Bénite,

Barua yako niliisoma mbele ya Tantine. Kisha nikaenda kuisoma tena nyuma ya nyumba, peke yangu.

Kutoboa! Machine iko na carte, iko na processeur, na munaingiza chignole mu mbavu zake! Mutu anatobolaka tumbo ya mugonjwa kusudi aandike pale jina yake? Na huyu Maliro wako, papai gani! Umwambie siku nitafika Beni nitamupigilia kibati ku sikio, namba moja.

Basi. Nimekwisha kupiga kelele.

Sasa nikuambie na lingine. Majuma tatu nilikuwa naamuka nahesabu vis. Ninafunga macho, ninaona carte, ninauliza: hii? hii? Ulijua, na uliniacha nahesabu. Weye niliyekubeba mgongoni. Nimekusamehe, juu kuandika ile barua ni nguvu kuliko kufungua boîtier. Lakini usinifanyie tena.

Maganda ile uliitoa muzuri. Kutopuliza, ni nani alikufundisha? Mate ingeongeza ugonjwa. Niliposoma njiti ya kiberiti, Tantine aliona nacheka, akaacha maharage.

Juu ya atelier, hapana. Wale bane balioniomba machine balienda. Mu soko banasema: machine ya Vagheni inazimika. Maneno ya namna ile inakimbia kuliko moto, na barua yako haiwezi kusimama mu soko na kuijibu. Mimi pia siwezi, mutu akinijibu simusikie. Maharage haina maneno.

Weye peleka liste. Na Préfet, umwambie weye mwenyewe kwanza, asisikie kwa Maliro.

Noko yako


Beni, tarehe 11 Aprili 2024

Noko Vagheni,

Mama yuko, goti liko, mapacha wananenepa. Tantine asalimiwe mara mbili.

Préfet nilimwambia. Niliingia na maneno niliyoyaandika kwanza ndani ya kurasa za kahia, nikayasahau yote, nikasema tu: «Préfet, ni mimi nilitoboa.» Akauliza: «Na liste?» Nikasema iko tayari. «Basi unangoja nini hapa?» Kesho yake alinipa demande d'explication, barua ya kunitaka nijieleze, ya ukurasa mmoja. Niliijibu, akaitia ndani ya farde, faili yangu, na mpaka leo niko kwenye kiti changu.

Jana nilipeleka clé kwa ofisi ya elimu. Tulikuwa mstari mrefu, shule nyingi, kila mtu na kitu chake mfukoni. Agent wa ofisi aliichomeka yangu. Ikafunguka. Alishuka na kidole mpaka chini, akasema: «Soixante-trois, complet,» yaani wote sitini na watatu wametimia, akapiga cachet juu ya karatasi yangu. Noko, ile sauti ya cachet!

Nyuma yangu alikuwa directeur mmoja wa shule aliyetoka upande wa Kamango, siku mbili juu ya pikipiki, suruali yote vumbi. Yeye hakuleta clé, alileta disque, ile kubwa ya kuhifadhia kazi, yenye kamba yake. Agent aliichomeka. Taa yake ikawaka, ikazima, ikawaka. Ilikuwa inagonga ndani kama mtu mwenye njaa. Écran haikuona kitu.

«Papa, disque yako imekufa,» agent akasema. «Rudia kesho na ingine.»

«Kesho?» Aliketi chini palepale. «Batoto yangu makumi ine na mumoja, niko nao mule ndani. Kesho niko natoa wapi ingine?»

Karatasi yangu yenye cachet nilikuwa nayo mkononi. Miguu yangu ilitaka mlango. Ndipo nikasikia mdomo wangu unasema: «Haijakufa. Inakosa umeme.»

Wote wakageuka. Agent akaniuliza: «Mademoiselle ni technicienne?»

«Hapana, mimi ni secrétaire. Lakini angalia, umeichomeka kwenye multiprise ile ile ya USB pamoja na imprimante, na scanner, na simu yako. Wote wanakula sahani moja. Niruhusu nione nyuma.»

Alicheka, akajisogeza. Nilipiga magoti chini ya meza ya serikali, Noko, nikiwa nimevaa jupe yangu ya Jumapili. Nilitafuta tundu kwa vidole, nikachomeka disque peke yake, moja kwa moja ndani ya carte mère. Ikaacha kugonga. Taa ikakaa. Juu ya meza nikasikia: hodi!

Kelele, Noko! Yule directeur alinivuta kutoka chini ya meza kwa mikono yote miwili. Watu wa mstari walipiga makofi, na wawili wenye disque wakaanza kuuliza kama nitakaa mpaka zamu yao. Nilikaa. Sikuogopa mpaka nilipofika nyumbani.

Directeur akaniuliza: «Nani alikufundisha?»

«Noko wangu, Vagheni wa Butembo. Ndiye aliyetengeneza machine yetu.»

«Vagheni? Ah! Nilisikia ya kwake inazimika.»

«Inazimika ukiitoboa,» nikajibu, na niliongea kwa sauti kubwa, wote wasikie. «Mimi niliitoboa. Ikajizima kusudi isife, na leo imetoa sitini na watatu. Muulize agent.» Agent akasema ni kweli, complet.

Directeur anaitwa Zorobabel. Anataka machine kwa shule yake, mpya, vipande vyote vipya, kama ya kwetu. Nilimwambia kwamba barua zangu zinakawia barabarani. Akasema: «Andika, nitaipeleka mimi.»

Ndiye aliyekupa karatasi hii. Amesimama mbele yako sasa hivi, na nimemweleza habari ya masikio yako, ndiyo sababu hasemi. Anangoja umalize kusoma.

Umemaliza, Noko. Acha maharage, ukamfungulie atelier.

Bénite